Aliyejiita Springi

Fundi makochi wa mtaa ule alikuwa mwanamke, na asiyelipenda hilo alikuwa huru kwenda kukaa sakafuni. Maneno hayo aliyasema mwenyewe kwa kila mteja aliyeingia karakanani akauliza fundi yuko wapi, hali anamtazama kasimama mbele yake na nyundo mkononi. Wateja walicheka, wakaomba radhi, wakaonyesha kochi lao lililobonyea. Yeye hakucheka. Kichekesho chenyewe kilikuwa kimemchosha tangu ujana wake, lakini mtu anayeulizwa swali lilelile maisha yake yote ana haki ya kujibu jibu lilelile maisha yake yote.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye mlango wa bati. Upande wa nyuma Seremala alikata mbao na kuunga fremu. Upande wa mbele, penye mwanga, yeye alivuta mikanda, akafunga springi, akapanga sponji, akavalisha kitambaa. Seremala alikuwa mshirika wake wa miaka mingi, mwanamume mrefu mwenye maneno mengi kuliko misumari yake. Waligombana kila siku iendayo kwa Mungu, kuhusu gundi, kuhusu redio, kuhusu nani aliacha mlango wazi paka akalala kwenye kitambaa cha watu. Wala hawakuwahi kukosana.

Aliyekosana naye alikuwa mwanawe.

Mtoto huyo aliitwa Springi, jina alilopewa hapo hapo karakanani kwa sababu hakuweza kupita kwenye kochi bila kulirukia. Jina likatoka nje, likaenda shuleni, likarudi naye akiwa na ndevu. Kazi aliijua vizuri kweli, mshono wake ulinyooka kuliko wa mama yake, ingawa mama hakuwahi kumwambia. Kisha wakati wa oda kubwa ya viti vya ukumbi, wiki ambayo hata muda wa kula haukuwepo, kijana akasema amepata kazi mji mwingine, kwenye karakana ya kuunda mabasi, ya kushona viti, na wanamtaka sasa hivi. Mama akamwambia asubiri oda iishe. Akasema hawatamsubiri. Mama akasema basi aende zake, na akienda asidhani kuna mtu atamtafuta. Springi akajibu kwamba hata yeye hatamtafuta mtu. Ukaidi anao, na wala hakuuokota barabarani.

Viti vya ukumbi walivimaliza wawili, yeye na Seremala, vidole vyake vimevimba hadi pete haikutoka. Siku walipovikabidhi alirudi nyumbani, akakaa kitandani, akaifuta namba ya mwanawe kwenye simu. Kwenye simu ilifutika. Kichwani ilikataa, na hata akiwa anaosha vyombo tarakimu zile zilimpita moja moja kama watu wa nyumbani.

Tangu hapo hakuna aliyempigia mwenzake. Habari zilikuja kwa midomo ya watu. Mteja aliyesafiri huko aliwahi kumwona, akasema yuko salama, anafanya kazi. Mama alisikiliza huku amegeuza uso pembeni, kama anayesimuliwa mambo ya mtoto wa jirani, halafu akauliza swali moja dogo: amekonda?

Seremala alikuwa akimwambia ampigie mtoto. Yeye alimwuliza aliyeondoka ni nani. Seremala alijibu kwamba aliyeondoka ni Springi. Basi mwenye kupiga ni nani? Seremala alirudi kwenye randa yake, kwa maana hesabu ya namna hiyo haina pa kuishika.

Sasa, simu ya kwanza ilikuja asubuhi moja akiwa anakata sponji. Namba ngeni. Sauti ya kijana, imekwaruza, inasikika kwa mbali.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Kweli mama, umenisahau hata sauti?"

Hapa tusimame kidogo. Wewe unayesoma umekaa vizuri, huna presha, unaiona ndoana ikining'inia mchana kweupe. Unajua kwamba mtu aliyekupigia yeye ndiye anayepaswa kujitaja, na kwamba anayekurudishia swali anataka umjazie jibu. Hongera. Lakini yule mama hakuwa anasoma, alikuwa anasikia. Swali lile lilimchoma mahali palipokuwa na kidonda, akaona aibu kwamba kweli, hata sauti ya mwanawe inaanza kumpotea. Kisu cha sponji kikamtoka mkononi.

"Springi?" alisema. "Ni wewe?"

Kijana akalidaka jina.

"Ndiyo mama. Ni mimi, Springi."

Jina akawa amempa yeye mwenyewe. Na hakuishia hapo. Alimwuliza kama bado yuko kwenye mabasi, na kijana akasema yuko huko huko, kwenye mabasi, kazi ni nyingi. Akamwuliza kama ni mafua yaliyoikwaruza sauti hivyo, na kijana akakohoa, akasema ni mafua. Akamwuliza kama bado amekasirika. Kijana akasema hapana mama, yale yamepita, tusiyataje. Kila alichohitaji kukijua aliletewa, kikiwa kimeshakatwa na kupimwa.

Mwisho akasema laini yake ya zamani imekufa, hii ndiyo mpya, aihifadhi, na ile nyingine aifute kabisa. Mama akacheka, akasema ile aliifuta zamani. Wakacheka wote wawili. Hakuomba kitu. "Nimekukumbuka tu mama," akasema, akaaga kwa adabu.

Siku ile aliimba. Seremala, ambaye hakuwahi kumsikia akiimba, alizima msumeno akaja mbele kuona kuna nini. Alipoambiwa, uso ulimfunguka, kisha ukajikunja. Akauliza simu imepigwa kwa namba ipi. Mpya? Na kwa nini mpya? Na ameomba nini?

"Hakuomba kitu."

"Basi ataomba kesho."

Maneno hayo yalimpandisha mori. Alimwambia Seremala kwamba yeye watoto wake wanampigia kila uchao, mpaka anawakatia akiwa anakula, na wa mwenzake akipiga mara moja anamwita mwizi. Alisema wivu si sifa ya mtu mzima. Alisema mengine pia, ambayo baadaye angelipa ili ayarudishe. Seremala alichukua kofia yake, akarudi kwenye fremu, na mchana kutwa redio haikufunguliwa.

Kesho yake mwenye nyumba ya wageni alituma kianzio cha kazi yake, makochi ya vyumba vyote, na pesa hiyo ikakaa kwenye simu ikisubiri kwenda kununua kitambaa. Pesa ya mteja si pesa ya fundi. Kila fundi analijua hilo, na mwenye nyumba ya wageni hakuwa mtu wa kuchezewa. Ingepotea pesa ile, angekuja na gari akabeba cherehani, nyundo na mlango wa bati wenyewe. Fundi makochi alilijua hilo kuliko anavyojua jina lake.

Mchana Seremala alitoka kwenda kununua gundi. Yeye alibaki nyuma ya kochi la mfano, anapigilia mgongo, misumari midogo imejaa midomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa ulimi na kuudaka kwa nyundo ya sumaku. Simu ikalia juu ya mkono wa kochi. Namba ile ya jana. Akabonyeza spika kwa kiwiko.

"Mama, nisaidie." Kijana alikuwa analia. "Mama, wamenikamata."

Ilikuja yote kwa mara moja. Karakana ya mabasi imeungua, viti vimeteketea, tajiri anasema ni sigara ya Springi, na wamemfikisha kituoni. Tajiri amekubali kuyamaliza kwa fidia, lakini iwe sasa, kabla faili halijapelekwa mahakamani. Kisha simu ikanyakuliwa na sauti nzito, ya mtu aliyezoea kutiiwa na watu.

"Wewe ndiye mama wa huyu kijana?"

Alijibu kwa pembe ya mdomo, kati ya misumari, kwamba ndiye. Sauti nzito ikampa amri, moja juu ya nyingine. Asikate simu, akikata faili linaondoka. Asimwambie mtu, kesi ni ya watu wakubwa. Asipige ile laini ya zamani, maana imeshikwa na wapelelezi. Atoe spika, afungue sehemu ya kutuma pesa, atataja namba ya karani wake. Katika simu kuna kiasi gani?

Alisema kipo, lakini si chake.

"Pesa si yako," ilisema sauti. "Na mtoto ni wa nani?"

Neno hilo lilimtia kiwewe. Bila kukaa chini afikirie, alishafungua sehemu ya kutuma pesa na kidole kiko juu ya tarakimu. Nyuma ya sauti nzito kijana alikuwa anaita mama, mama, mama. Naye alijibu, "Nipo, mwanangu, nipo," lakini kwa kuwa midomo ilikuwa imebana misumari, kilichotoka kilikuwa mvumo tu, kama wa mtu anayeongea ndani ya mto.

Ndipo akasita.

Katika karakana ile kulikuwa na sheria moja isiyovunjwa, nayo ilitokana na siku alipomeza msumari akiwa anacheka. Walimkimbiza hospitali, Springi akiwa bado mdogo, akalia njia nzima akiwa ameshika sketi ya mama yake. Tangu siku ile hakuna aliyesema naye neno akiwa na misumari mdomoni. Springi ndiye aliyekuwa askari wa sheria. Alisimama mbele yake, kiganja wazi, na hata kama nyumba ingekuwa inaungua asingemwambia mpaka misumari yote iwe kiganjani. Alipokua ikawa hivyo hivyo kwenye simu. Akisikia tu mvumo ule, anasema tema kwanza, na asipotema anakata.

Na huyu sasa alikuwa anamsikia akivumavuma, na analia tu, atume.

Alijibishana na nafsi yake. Mtu aliye mikononi mwa polisi anaweza kusahau misumari ya mama yake. Anaweza kusahau hata jina lake. Basi akafanya jambo ambalo lingemchekesha siku nyingine: akachota misumari mingine bakulini, akaijaza mdomo hadi mashavu yakavimba, akasema kwa nguvu zake zote, "Shpingi, unanishikia?"

"Nakusikia mama, tuma haraka."

Akaitema yote mkononi. 

Hata hivyo, shaka ni shaka tu. Nani atakayeweka shingo ya mwanawe rehani kwa ajili ya konzi ya misumari? Palikuwa na njia moja tu ya kujua, nayo ilikuwa nyepesi kuliko zote: kupiga namba aliyokuwa nayo kichwani. Na ndiyo njia pekee iliyofungwa. Sauti nzito ilimkataza asiipige. Yeye mwenyewe alijikataza asiipige, alikula kiapo, akakilinda kiapo chake kwa miezi na miezi kama mali. Alisimama pale na simu mkononi, akatambua kwamba yule mwizi na kiburi chake walikuwa wanamwomba kitu kimoja.

Hapo hasira zikampanda, hasira nzuri, safi, zilizomnyoosha mgongo. Alijikasirikia kidogo na mwizi sana. 

Seremala aliingia na kopo la gundi. Alimwona mwenzake ameweka kidole mdomoni kumnyamazisha, amemkodolea macho, akasimama kama gogo. Mama akamfuata kwa ncha za vidole, akachomoa simu kwenye mfuko wa shati lake, akarudi mbele ya kochi.

"Mama, mbona kimya?" iliuliza simu ya kwanza.

"Natafuta miwani," alisema, na huku anabonyeza tarakimu kwenye simu ya Seremala, moja baada ya nyingine, bila kukosea hata moja.

Iliita. Iliita tena. Sauti nzito ikaanza kuhesabu kwa sauti dakika zilizobaki, na Seremala, ambaye sasa alishaelewa, alikuwa anatoka jasho la mtu anayebeba mbao za ghorofa. Iliita hadi mama akaanza kuiombea simu dua, kwamba mlio ule wa mwisho usiwe wa mwisho.

"Haloo?" Nyuma yake cherehani zilikuwa zinanguruma.

"Ni mimi," mama alisema.

 Springi akauliza, kwa sauti iliyokauka, "Nani amekufa?"

Hilo lilimuuma kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Kumbe ndivyo walivyofika, yeye na mwanawe, mpaka mmoja akimpigia mwingine lazima pawe na maiti.

"Hakuna aliyekufa. Uko wapi?"

"Kazini. Mama, una nini?"

"Hujakamatwa?"

"Nikamatwe nimefanya nini?"

Aliziweka simu zote mbili juu ya mkono wa kochi, ubavu kwa ubavu, spika wazi. Akavuta kigoda, akakaa. Alimwambia mwanawe ataje jina lake. Springi akauliza tena mama ana nini. Akamwambia ataje tu.

"Springi," alisema Springi.

Kwenye simu ile ya kwanza kilio kilikatika kama bomba lililofungwa. Sauti nzito, lazima tuisifu kwa uhodari, haikukubali kushindwa upesi hivyo. Ilimwambia mama awe mwangalifu, kwamba huyo aliyempigia ni tapeli, siku hizi matapeli wamezidi, na asithubutu kumsikiliza. Seremala alicheka hadi akalazimika kushika ukuta. Mama hakucheka.

"Nisikilize vizuri, afande," alisema. "Jana mtu wako aliniita mama nikaimba mchana kutwa. Ile furaha sikurudishii, nimeshaila. Lakini pesa hii ni ya kitambaa cha watu, na mtoto ni wangu, na kwangu hupati hata uzi wa kushonea kifungo. Laini hii sibadilishi. Mwanangu anaijua, na sitafunga mlango wa mwanangu kwa sababu yako. Piga kesho, piga keshokutwa, waambie na wenzako wapige. Kila atakayejiita Springi nitamkatia, halafu nitampigia Springi. Nitakuwa nampigia kila siku kwa hisani yako, na wewe utabaki na mafua yako."

Simu ikakatika. Walikata wao, waliosema isikatwe.

Ilibaki ile ya Seremala, na Springi ndani yake. Aliuliza wale walikuwa nani, naye akamweleza kuanzia simu ya jana, bila kuficha kwamba jina na kazi na mafua aliwapa yeye. Springi alisikiliza. Alipouliza, aliuliza polepole.

"Ungetuma?"

"Ningetuma."

"Pesa ya mteja?"

"Ya mteja."

Springi alijua maana ya hilo. Alikulia chini ya meza ya karakana ile, alichapwa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa sababu ya sarafu ya mteja. Cherehani nyuma yake zilikuwa zimenyamaza, au yeye ndiye aliyetoka nje, na mama akasikia anavuta pumzi kwa pua kama alivyokuwa akifanya mtoto asiyetaka kuonekana analia.

"Sikupiga kuomba radhi," mama alisema haraka.

"Sikusema umepiga kuomba radhi."

"Nimepiga kuhakikisha."

"Basi umeshahakikisha."

Seremala alitikisa kichwa, akaenda nyuma kupangusa macho, akisema vumbi la mbao limezidi. Msumeno haukuwa umewashwa tangu asubuhi.

Wala hawakukata. Springi akasema, kwa sauti ya kikazi, kwamba mtu akijiita yeye tena, mama asijibu lolote, akate, ampigie yeye kwa namba hii hii. Mama akauliza, na yeye akipigiwa na mtu anayejiita mama yake? Springi akasema atafanya vivyo hivyo: atakata, atampigia ahakikishe. Wakakubaliana kama watu wawili wanaopatana bei ya mbao. Kisha wakaagana.

Jioni ile hakuficha kitu. Seremala alimshauri alimalize kimyakimya, mtaa una midomo, lakini yeye alishusha mlango wa bati nusu akatoka. Alipita kwa fundi cherehani, kwa muuza rangi, kwa mwenye duka la vyombo, akawasimulia neno kwa neno: walivyomfanya ataje jina mwenyewe, walivyomkataza kukata, kumwambia mtu na kupiga ile namba anayoijua. Alisema mtu akikukataza hayo matatu, hata kama anajiita hakimu, mkatie. Muuza rangi alicheka, akasema yeye hawezi kuingizwa mjini kirahisi hivyo. Alimwambia acheke tu, ila awe na watoto kwanza. Mwenye duka la vyombo hakucheka. Alifunga droo, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye walimpata mwezi uliopita, kwa jina la dada yake, na hakumwambia hata mumewe. Wakakaa pamoja hadi taa za duka zikawashwa. Namba ya mwizi aliipeleka polisi na kwa watu wa simu, na kwa Seremala alikwenda mwenyewe hadi kwenye randa, akamwambia kwamba maneno ya jana yalikuwa ya kijinga. Seremala akasema hakuyasikia, msumeno ulikuwa unapiga kelele. Redio ikafunguliwa.

Matapeli walipiga tena, hawana aibu. Mmoja alisema ameshinda zawadi, mwingine akasema laini yake itafungwa asipotaja namba ya siri. Aliwakatia wote kwa raha ya mtu anayeng'oa misumari mikuukuu. Na kila alipokata aliitazama ile namba aliyoirudisha kwenye simu, akaipita. Hakuna aliyejiita Springi, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kupiga. Makubaliano ni makubaliano. Vidole vilikuwa vinavimba tena, makochi ya nyumba ya wageni yalikuwa mengi, na Seremala alikuwa anamtazama kwa jicho la pembeni bila kusema neno, jambo lililomgharimu sana.

Simu ikalia adhuhuri moja akiwa amejinyoosha sakafuni kupumzisha mgongo. Ilikuwa namba ile ile, yenyewe.

Springi alimwamkia, akauliza kama kuna usalama. Kisha akasema amepiga kwa sababu ya yale makubaliano yao.

"Kuna mtu amenipigia leo," alisema. "Kajiita wewe."

Mama aliketi. Akauliza ni namba gani. Springi akasema hakuitazama vizuri. Mtoto huyo hakuwahi kujua kusema uongo. Tangu utotoni sauti ilikuwa inampanda mwishoni mwa sentensi, na sasa ilikuwa imepanda.

"Amesema nini?"

"Amesema kazi imemzidi, vidole vinamuuma. Amesema nirudi nyumbani, hata kwa siku chache."

 Nyuma, Seremala alikuwa ameshika nyundo hewani, haishushi.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nimekata. Tulikubaliana nikate, nikupigie nihakikishe."

Mama alivitazama vidole vyake.  Kiburi kilikuwepo pale pale, hakikuwa kimehama nyumba, kikamkumbusha nani aliondoka na nani anapaswa kupiga. Akakiacha kiseme.

"Huyo usimkate tena," alisema. "Huyo ni mimi."